Ukurasa wa Zambarau

Naznin binti Mohsin alikuwa amechoka hata kabla Eustace hajasukuma mlango wa duka. Uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile. Ulikuwa wa miaka sita, tangu alipoachika Tabora akarudi Shinyanga kumtunza baba yake, na ulikuwa umemkaa mwilini kama vumbi la Juni kwenye rafu: ulifute asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake.

Duka lilikuwa nyuma ya soko kuu. Mbele walipiga picha za pasipoti, kando palikuwa na mashine ya fotokopi na faksi, na tangu mwaka uliotangulia, 1998, palikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na laini ya simu. Modemu ikishakwaruza na kulia mpaka Mwanza wakaitikia, mtu aliweza kuandika barua pepe, au kuuliza jambo akajibiwa kutoka upande mwingine wa dunia. Mjini waliojua hivyo walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Eustace, tabibu wa zahanati ya machimbo ya Mwakitolyo, Mhaya mrefu mwenye sauti ya chini. Kila Alhamisi alikuja na lori kuchukua dawa, na akishamaliza shughuli zake alipita dukani.

"Za tangu wiki ile, dada Naznin?"

"Nzuri, daktari. Habari za machimbo?"

"Machimbo ni yale yale." Aliketi, akafungua daftari juu ya paja. "Leo naitaka ile makala tuliyoiona wiki mbili zilizopita. Ile ya kutetemeka."

Naznin aliikumbuka. Walikuwa wamefikia ukurasa wake wa pili simu ikakatika, na hakuna aliyekuwa ameandika anwani yake.

"Nina mama mmoja, anaitwa Mageni," Eustace alisema wakati modemu inalia. "Anaponda mawe na kuchoma dhahabu. Mikono inamtetemeka, fizi zinatoka damu, usingizi hana. Kwao wameshachinja mbuzi wawili, wameambiwa ni mizimu ya upande wa mama yake. Mimi nahisi ni zebaki. Ile wanayonasia dhahabu, wanayoiita mekyuri. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu mia tatu na kuwaambia nahisi."

Simu ilishika. Naznin akafungua kivinjari, programu ya kusomea kurasa za intaneti, akisubiri ukurasa mweupe wa kutafutia aliouchagua mwenyewe. Badala yake ukafunguka wa zambarau, umejaa picha zinazorukaruka: pete, bahati nasibu, mwanamke anayecheka.

"Huo tena," alisema.

"Haidhuru, andika humo humo."

Aliandika kwa Kiingereza: zebaki, dhahabu, kutetemeka. Ukurasa wa zambarau ukafikiri kwa muda mrefu, kisha ukaleta magari ya Kimarekani yenye jina la zebaki, sayari yenye jina hilo hilo, na maduka manne ya vidani. Eustace aliinamia kioo kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Wakajaribu tena na tena, kila jibu likichukua dakika tatu kufunguka. Mwishowe honi ya lori ikalia sokoni, na tabibu akafunga daftari lake likiwa tupu.

"Alhamisi ijayo, dada," alisema. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Naznin.

Jioni ile alikaa na mashine. Aliingia kwenye mipangilio, akakuta ukurasa wa kutafutia umebadilishwa, akaurudisha ule mweupe, akazima, akawasha. Ukafunguka mweupe. Akaenda kupika.

Asubuhi ulikuwa wa zambarau.

Siku tatu mfululizo ilikuwa hivyo hivyo: jioni anarekebisha, asubuhi imeharibika. Jumatatu alimpigia simu Dhaval, fundi wa kompyuta wa Mwanza ambaye ndiye aliyewauzia mashine. Dhaval alimwelekeza hatua kwa hatua. Kumbe ndani ya kompyuta kulikuwa na kiprogramu kinachojiita msaidizi, na kazi ya msaidizi huyo ilikuwa kuwahamisha watu waende kwenye ukurasa wa zambarau. Naznin alikifuta. Jumanne asubuhi kilikuwa kimerudi. Akakifuta. Jumatano kikarudi.

Alhamisi Eustace alikuja, akakuta zambarau. Naznin akaanza kurekebisha mbele yake, akarudisha ule mweupe, na laini ya simu ikafa kwa sababu ya nguzo iliyoanguka njia ya Mwanza. Wakakaa wakinywa chai. Alipokuwa anatoka, Eustace alisema Mageni sasa hawezi kushika mwiko. Binti yake ndiye anayesonga ugali.

"Samahani, daktari," Naznin alisema.

"Si kosa lako."

Lakini yeye aliona ni lake. Mashine ilikuwa yake, na ilikuwa inamshinda.

Siku zile baba yake alikuwa mzito kuliko kawaida. Mzee Mohsin alikuwa na miaka sitini na tisa. Zamani mji ulimfahamu kwa kelele: akinunua dhahabu, akibishana kwa Kisukuma cha kuchekesha, akiwaita watu wa barabarani waje wanywe kahawa. Miaka ya karibuni alikuwa amenyamaza. Mteja akiingia, aliondoka akaenda uani. Mikono yake ilikaa mifukoni mwa koti hata wakati wa joto, na Naznin alimjazia chai nusu kikombe ili isimwagike. Uzee, alijiambia. Kila mtu alisema ni uzee. Biashara ya dhahabu ilikuwa imepungua, lakini wateja wachache wa zamani bado walimletea vipande vyao Jumamosi, naye akavichoma kwenye chumba cha nyuma kuondoa zebaki iliyobaki, dirisha likiwa limefungwa majirani wasijue kilichomo.

Jumamosi ile Dhaval alikuwa anapita kwenda Kahama, akaingia dukani na mkoba wake. Alikuwa kijana mnene, mchangamfu, aliyependa kuimba akifanya kazi. Hakuimba kwa muda mrefu.

"Nazninben," alisema, akimwita kwa heshima ya Kigujarati, "hiki kitu hakijirudishi chenyewe."

"Kinarudi kila siku, Dhaval. Nimekifuta mara sita."

"Unakifuta vizuri. Halafu mtu anakiweka upya. Tazama." Alimwonyesha mstari mdogo kwenye kioo. "Kompyuta huandika saa kila kitu kinapoingia. Leo kimeingia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Jana nayo kuna alama, kumi na mbili na thelathini na nane. Nani anafungua duka asubuhi?"

Naznin alipiga hesabu. Saa kumi na mbili na nusu yeye huwa jikoni, anapika chapati. Baba yake hutangulia kufungua, apanguse vioo.

"Hakuna mtu," alisema. "Nitaangalia."

Dhaval alimtazama, akaelewa kwamba ni jambo la nyumbani. Akakusanya mkoba wake, akakataa chakula, akaenda zake Kahama.

Kesho yake Naznin hakuwasha jiko. Alisimama nyuma ya pazia linalotenganisha nyumba na duka, ndala mkononi ili asisikike. Aliona aibu kumvizia baba yake mzazi, lakini alisimama.

Mzee Mohsin hakugusa vioo. Aliketi mbele ya kompyuta, akatoa mfukoni CD iliyofungwa kwenye leso. Naznin aliitambua: ilikuja bure ndani ya gazeti ambalo mzee alitumiwa na mpwa wake aliyeko Leicester, Uingereza. Ilimchukua majaribio manne kuiingiza. Kikafunguka kijidirisha chenye picha ya mchezaji wa kriketi, kwa maana mwezi ule kulikuwa na mashindano ya dunia Uingereza, na kiprogramu kile kilileta matokeo kwenye kona ya kioo.

Kisha kikatokea kisanduku cha swali. Naznin aliweza kukisoma kutoka pale alipokuwa. Je, ungependa ukurasa wetu uwe ukurasa wako wa kutafutia? Kitufe cha Ndiyo kilikuwa kikubwa kama sahani, katikati. Cha Hapana kilikuwa kidogo, pembeni, kimeandikwa kwa herufi za kijivu.

Mzee alishika kipanya. Mshale ukaanza kuzunguka kwenye kioo kama inzi aliyefungiwa chumbani. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaukandamiza mezani, akauma mdomo. Mshale ukakaribia Hapana, ukaipita, ukarudi, ukaipita tena. Alijaribu kwa muda ambao Naznin aliuona mrefu kuliko foleni zote alizowahi kupanga. Mwishowe kidole kikabonyea chenyewe, mshale ukiwa juu ya kile kikubwa.

"Haya, basi," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo."

Naznin alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa ameandaa maneno ya ukali, akayaacha.

"Baba."

Mzee aliruka, mikono ikakimbilia mifukoni. "Nilikuwa naangalia tu matokeo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Una kazi zako. Unaamka usiku, unalala usiku." Alitazama sakafu. "Nilikusikia unamlalamikia Dhaval kwenye simu. Nikasema kesho nitalikataa lile swali. Kila siku nasema nitalikataa. Mkono haunisikii, Naznin."

Akalia. Naznin hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika mama. Alivuta kigoda, akakaa karibu yake. Kijidirisha cha kriketi kiliandika namba zake kwenye kona, hakuna aliyezisoma.

Asubuhi ile ile alitengeneza mashine. Alikifuta kiprogramu, akaiweka CD kwenye kabati la vyombo. Halafu akatafuta gazeti la kigeni lenye ukurasa wa matokeo, akaufanya uwe wa kwanza kufunguka kompyuta inapowashwa, ili baba yake asihitaji kipanya hata kidogo. Abonyeze tu kitufe kikubwa cha kuwashia, upande wa kulia. Ukurasa mweupe wa kutafutia ukabaki mahali pake. Kilikuwa kitu cha nusu saa, na aliona haya kwamba hakukifanya mapema.

Alhamisi Eustace aliingia na vumbi lake. Naznin aliandika maneno yale yale matatu. Makala ikatokea ya pili kutoka juu.

"Hiyo!" Eustace alisema, akapiga kofi moja. Kisha akaanza kusoma, akitafsiri polepole huku akiandika kwenye daftari.

Ilikuwa kazi ya chuo kimoja, juu ya machimbo ya Amerika ya Kusini. Moshi wa zebaki hauonekani, alisoma. Unaingia kwa pumzi, unakaa kwenye ubongo na figo. Mikono hutetemeka, kwanza mwandiko unaharibika. Fizi hutoka damu. Mgonjwa hukosa usingizi. Hubadilika tabia: aliyekuwa mcheshi huwa mwenye haya, hukimbia watu, hukasirika upesi, hulia bila sababu.

Naznin alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Aliacha kupanga.

"Rudia hapo, daktari."

"Aliyekuwa mcheshi huwa mwenye haya, hukimbia watu."

"Na wanaonunua? Wao wamesema nini?"

Eustace aliteremsha ukurasa kwa kipanya, akasoma kimya, na Naznin akaona uso wake ukibadilika. Hakutaka kulisema, akalisema. "Wanasema mchimbaji anachomea nje, upepo unachukua sehemu. Mnunuzi anachomea ndani. Wapo wanunuzi waliopimwa wakakutwa nayo nyingi kuliko wachimbaji wenyewe."

Naznin alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Chumba kile kilipakana na jiko. Mama yake alipika pale miaka ishirini. Akanyoosha mikono yake mwenyewe juu ya meza, akaitazama. Ilikuwa imetulia. Akamwita baba yake.

Mzee Mohsin alisimama mlangoni, mikono mifukoni. Eustace aliinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba unyooshe mikono, mzee wangu. Mbele, hivi."

"Mimi ni mzee tu," Mohsin alisema. "Hakuna cha kutazama."

"Baba, nyoosha," Naznin alisema, na kwa kuwa sauti yake haikuwa na ukali wala kubembeleza, ilikuwa imechoka tu, mzee akanyoosha. Vidole vilicheza hewani. Eustace akamwambia aguse pua, akagusa shavu. Akamtazama fizi. Kisha akamketisha na kumweleza yote, bila kuficha na bila kutisha: kwamba hajui uzee unaishia wapi na zebaki inaanzia wapi, kwamba hapa hakuna kipimo, damu au mkojo italazimu upelekwe Dar es Salaam, lakini dawa ya kwanza ni kuacha kuchoma. Leo, si kesho.

Mzee alisikiliza. Alipouliza, swali lake halikuwa juu yake mwenyewe.

"Huyo mama unayemtafutia. Anaitwaje?"

"Mageni."

"Mwembamba? Ana mwanya? Mumewe alifukiwa shimoni, duara lilipoporomoka, mwaka wa mvua nyingi?"

"Ndiye."

"Mekyuri anainunua kwangu," Mohsin alisema. "Nampimia kwenye vichupa vya sindano. Miaka minane sasa. Wote nawapimia. Wakija na dhahabu, nawapa na kichupa, ili warudi kwangu wasiende kwa mwingine."

Naznin alijua kutokana na jinsi Eustace alivyoshika kalamu kwamba tabibu alikuwa analifahamu hilo siku zote. Alijua vichupa vinatoka maduka ya mjini, na alikuwa amekuja dukani kwao Alhamisi baada ya Alhamisi, akinywa chai yao.

"Ungeniambia," Naznin alimwambia.

"Ningekuambia nini, dada? Sikuwa na karatasi ya ushahidi. Ningekuwa nimekuja kutukana watu kwao."

Uvunguni mwa meza ya chumba cha nyuma kulikuwa na chupa ya chuma, nzito, imejaa zaidi ya nusu. Mzee alitaka waichukue waimwage. Eustace akauliza waimwage wapi: mtoni ambako ng'ombe wanakunywa? Chooni? Hakuna aliyejua. Basi Naznin akarudi kwenye kompyuta, akaandika swali jipya, na ukurasa mweupe ukajibu kwamba isimwagwe popote. Ifunikwe kwa maji, ifungwe vizuri, iwekwe mbali na moto na watu. Walifanya hivyo. Wakaihamishia kibanda cha uani, wakatia kufuli, na hapo ikabaki, kwa sababu katika mkoa mzima hawakumpata mtu wa kuipokea.

Eustace aliondoka na kurasa kumi na nne zilizochapwa, amezifunga kwa uzi. Wiki iliyofuata alizisoma kwa sauti mbele ya wachimbaji, mmoja akimtafsiria kwa Kisukuma. Baadhi walicheka, baadhi waliuliza maswali, wengi walirudi kwenye kazi zao. Lakini binti yake Mageni alisikiliza mpaka mwisho, akamtoa mama yake kwenye uchomaji, wakaanza kuuza maandazi karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mbali kidogo na moshi.

Agosti, mzee Mohsin alisema anataka kwenda Mwakitolyo. Naznin alimkatalia, halafu akamwacha, hakuwa na nguvu ya kubishana. Alipanda lori na Eustace asubuhi, amevaa koti lake, ameshika mfuko wa sukari na sabuni.

Alirudi jioni, viatu vyeupe kwa vumbi la mawe. Alikaa kwenye kiti cha wateja wa picha. Naznin alipiga goti, akaanza kumfungua kamba.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Anatetemeka kidogo kuliko mimi. Amenipa kiti."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sikujua. Ni kweli, Naznin, sikujua."

"Naye?"

Mzee aliuachia mguu wa kwanza utoke kwenye kiatu. "Akasema, nami sikujua, mzee. Lakini wewe ulikuwa na mtu wa kukusomea. Kisha akaniletea andazi, akakataa sukari na sabuni. Nimevirudisha, viko mlangoni."

Naznin alifungua kamba ya kiatu cha pili. Fundo lilikuwa limekaza, baba yake alikuwa amelifunga mwenyewe, na lilimchukua muda.